Donda Lisilopona

Yako maradhi yajifichayo ndani ya mwili, tumboni au mapafuni au katika damu, wala mtu hana habari nayo mpaka yamekwisha kumwelemea. Tena yako maradhi mengine yaanzayo mahali panapoonwa na kila mtu: usoni, sikioni, mdomoni, au mgongoni mwa mkono. Saratani ya ngozi ni ya namna hii ya pili. Huanza peupe, na mara nyingi huenda polepole, ikampa mtu miezi mingi, pengine miaka, ya kutafuta dawa. Hata hivyo wako wagonjwa wengi wafikao hospitali donda limekwisha kula shavu au jicho, na daktari hana la kufanya ila kupunguza maumivu.

Jambo hili lahuzunisha, maana muda ulikuwapo, na dawa ilikuwapo, ila mtu hakuja. Kwa hiyo tumeonelea vema kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wenyeviti wa vijiji, watendaji, walimu na wazee, jinsi maradhi haya yaanzavyo, jinsi yachunguzwavyo na kutibiwa katika mji wa Dar es Salaam, na kwa sababu gani siku iliyo njema ya kwenda kwa daktari ni ile ambayo mtu bado hasikii maumivu.

SARATANI NI KITU GANI

Neno saratani latoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Waganga wa kale waliona jinsi uvimbe unavyotandaa pande zote kama miguu ya kaa, ukashika nyama isibanduke, wakaupa jina hilo.

Siku hizi wataalamu wametueleza zaidi. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu. Chembe za ngozi hufa na kuzaliwa upya kila siku, kwa kiasi na kwa taratibu. Lakini katika nuru ya jua mna mionzi fulani isiyoonekana, ambayo ikiipiga ngozi mwaka baada ya mwaka huiharibu taratibu ile. Chembe moja ikiisha kuharibika yaweza kuzaa nyingine bila kukoma, na hizo zikafanya uvimbe au donda. Donda la namna hii halisikii dawa za vidonda vya kawaida, kwa sababu halikuletwa na uchafu wala na kujikata. Ni ngozi yenyewe iliyoasi.

Mtu mweusi amepata kinga ya kuzaliwa nayo. Katika ngozi yake mna rangi iitwayo melanini, nayo hufanya kazi ya mwavuli, ikaizuia mionzi isipenye. Ndiyo sababu saratani iletwayo na jua ni adimu kwetu kuliko kwa Wazungu. Lakini wako ndugu zetu waliozaliwa bila mwavuli huo, au nao ukiwa mdogo sana, nao ni watu wenye ualbino.

NDUGU ZETU WENYE UALBINO

Yafaa kwanza tuondoe maneno ya uongo. Ualbino si laana, wala si malipo ya kosa la mama, wala hauambukizi. Ni urithi. Baba na mama, wote wawili wakiwa weusi, yawezekana kila mmoja amebeba asili hiyo pasipo kujua. Wakikutana watu wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Basi mwanamume amwachaye mkewe kwa sababu ya kuzaa mtoto kama huyo, ajue kwamba ameikimbia damu yake mwenyewe.

Watu hawa si wachache katika nchi yetu. Uchunguzi mmoja wa madaktari, uliochapishwa 1985 baada ya kuwatazama watu 350 wenye ualbino mjini Dar es Salaam, ulikadiria kwamba katika Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino. Kwa hesabu hiyo, tarafa yenye watu 14,000 yaweza kuwa na watu kama 10. Hesabu ya watu ya 2012 iliandika zaidi ya 16,000 katika nchi nzima. Yamesemwa mengi, na kwa haki, juu ya wauaji waliowawinda watu hawa tangu miaka ya 2000. Lakini kuna muuaji mwingine asiyekamatwa na polisi, naye ni jua. Wataalamu wasema kwamba saratani ya ngozi ni sababu kubwa ya watu wenye ualbino katika Afrika kufa kabla ya uzee, na wengine huipata wakiwa bado vijana.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya kichwa, hata kivuli cha mtu kikajikunja miguuni pake. Aendaye Kariakoo saa hiyo ataona hatari yenyewe kwa macho. Soko kubwa la mtaa huo, lililochorwa na msanifu wa majengo Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilijengwa na paa la zege mfano wa miavuli mikubwa iliyopangwa safu safu. Lakini walio wengi hawakupata nafasi chini ya miavuli ile. Huuza barabarani: vijana wenye nguo mabegani, akina mama wenye mafungu ya nyanya, wasukuma mikokoteni na wabeba mizigo. Mwenye ualbino akiwa miongoni mwao, naye ana watoto wa kulisha kama wenzake, husimama tangu asubuhi hata jioni huku masikio na shingo vikiungua. Mambo ni yale yale shambani, machungani, na hata katika uwanja wa shule, mwalimu anapowapanga watoto juani nusu saa nzima kusikiliza matangazo.

WENGINE WAPASWAO KUJIANGALIA

Asidhani msomaji mweusi kwamba maneno haya hayamhusu. Iko saratani ya ngozi iotayo katika kovu la zamani, hasa kovu la moto, au katika kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi. Mtu aliyeanguka motoni utotoni aweza kuona kovu lake likifumuka baada ya miaka 20 au 30, likawa donda lenye kingo ngumu zilizoinuka.

Iko na nyingine ianzayo kama waa jeusi katika unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo hata ngozi nyeusi ina rangi kidogo. Hii ni kali kuliko zote, maana huenda mbio katika viungo vya ndani. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika, ambaye nyimbo zake zapigwa madukani Kariakoo hata leo, alipatwa na saratani ya namna hiyo chini ya ukucha wa dole la mguu, akafa 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Tena iko saratani iitwayo Kaposi, iletayo mabaka na vivimbe vya rangi ya zambarau miguuni, usoni au kinywani. Hiyo huwapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI wasiotumia dawa, na mwenye kuiona hana budi kupima damu mara moja.

Kisha tuseme neno juu ya wale wajichubuao. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vingine hupita kwa siri na kuuzwa. Mtu ajipakaye dawa hizo anaubomoa kwa mikono yake ule mwavuli aliopewa bure, na zebaki yenyewe ni sumu iharibuyo figo.

DALILI ZAKE

Mwalimu au mzee asiyejua udaktari aweza kuzijua dalili hizi:

1. Gamba kavu lenye kukwaruza kama msasa, lisilokwisha kwa kupaka mafuta. Huonekana usoni, masikioni, katika mdomo wa chini, shingoni na migongoni mwa mikono. Gamba hili bado si saratani, lakini ni mlango wake.

2. Kidonda kisichopona kwa muda wa wiki 4, au kinachopona kisha kikarudi palepale, au kitokacho damu kwa kuguswa kidogo.

3. Uvimbe mdogo wenye kung'aa, au kinyama kinachoota na kukua, au kijipembe kigumu juu ya ngozi.

4. Waa jeusi la unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, linalopanuka au kubadili umbo na rangi.

5. Kovu la zamani lililofumuka, au kidonda cha miaka mingi kilichoanza kuota nyama, kutoa harufu na kupanuka.

Angalieni kwamba hatukutaja maumivu. Saratani ya ngozi ikiwa changa mara nyingi haiumi, na jambo hili ndilo liwadanganyalo watu. Mtu husema, "Nitakwenda litakapouma." Likianza kuuma, huenda limekwisha kufika kwenye mishipa ya fahamu au mfupa.

JINSI UCHUNGUZI UFANYWAVYO

Akaaye Kariakoo ana hospitali karibu: Mnazi Mmoja, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, na Amana iliyo Ilala. Hapo mgonjwa huonwa kwanza, na ikilazimu hupewa barua ya kwenda kwa mabingwa wa ngozi Muhimbili, au hospitali ya saratani ya Ocean Road iliyo ufukoni karibu na Ikulu. Atokaye kijijini aanzie zahanati yake, kisha hospitali ya wilaya na ya mkoa, akichukua barua kila hatua, maana mwenye barua hapotezi siku kwa kuulizwa upya.

Hospitali ya Ocean Road ina historia yake. Ilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa 1897, na katika enzi za ukoloni iliwahudumia Wazungu. Matibabu ya saratani kwa mionzi yalianza hapo 1980, na 1996 ikafanywa taasisi kamili kwa sheria ya Bunge. Milango ambayo babu zetu hawakuruhusiwa kuipita kama wagonjwa, leo i wazi kwa mjukuu wa mkulima.

Uchunguzi wenyewe hauna la kutisha. Daktari humwambia mtu avue nguo za juu, akamtazama polepole usoni, nyuma ya masikio, midomoni, shingoni, mabegani, mikononi na miguuni. Hupapasa ngozi kwa vidole, kwa kuwa gamba changa husikika kabla ya kuonekana. Hugusa pia shingoni, kwapani na kinenani kutafuta tezi zilizovimba. Akishuku mahali, hupiga sindano ya ganzi na kukata kinyama kidogo ili kitazamwe kwa hadubini. Kazi hii ni ya dakika chache. Majibu huchukua siku kadhaa, na mgonjwa asirudi kijijini bila kuyajua au kuacha namba ya simu. Mwenye ualbino yampasa kuchunguzwa hivi kila baada ya miezi 6, awe na kidonda au asiwe nacho.

MATIBABU YAKE

Gamba likiwa bado changa, dawa yake ni rahisi. Daktari huchukua hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, ambayo baridi yake hufika digrii 196 chini ya sifuri, akainyunyiza juu ya gamba kwa sekunde chache. Mahali pale huwasha, hutoa lengelenge, na baada ya wiki mbili hivi gamba hudondoka. Mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Kama magamba ni mengi, aweza kupewa dawa ya kupaka iitwayo fluorourasili. Dawa hii huifanya ngozi iwe nyekundu na yenye vidonda kwa wiki kadhaa, na mgonjwa asishtuke akaiacha, kwani ndivyo ifanyavyo kazi yake.

Ikiwa ni saratani yenyewe lakini ingali ndogo, hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima pande zote, kisha kidonda kikashonwa. Wengi waliokatwa mapema hupona kabisa. Watu wengine huogopa, wakisema kwamba saratani ikiguswa na kisu hutawanyika. Neno hili si kweli. Limetoka kwa wale waliowaona wagonjwa wakikatwa wamechelewa, wakafa baadaye. Wagonjwa hao waliuawa na kuchelewa, wala si kisu.

Donda likiwa kubwa, kazi huwa nyingine. Daktari hulazimika kukata sehemu ya sikio, pua au mdomo, na kuziba pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani. Baadaye mgonjwa aweza kupigwa mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na asikatize njiani. Hebu kiongozi wa kijiji apime mwenyewe. Mtu mwenye gamba changa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi tu. Mtu huyohuyo akichelewa ahitaji nauli, chakula, mahali pa kulala mjini zaidi ya mwezi, na ndugu wa kumwuguza, na shamba lake lalala bila jembe. Wengine hukatiza matibabu kwa kukosa pa kulala, wakarudi kwao na donda nusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa uso wa mtu.

LIPASALO VIONGOZI, WALIMU NA WAZAZI

Kwanza, kiongozi awajue kwa majina watu wenye ualbino katika kijiji chake, na ahakikishe kila mmoja amefika kliniki mara mbili kwa mwaka. Kama wanaogopa safari kwa sababu ya wale wauaji, wapewe watu waaminifu wa kuwasindikiza. Chama cha watu wenye ualbino cha Tanzania, kilichoanzishwa 1978, chaweza kuwaelekeza mahali kliniki zilipo.

Pili, mwalimu amweke mtoto mwenye ualbino mbele, karibu na ubao, lakini mbali na dirisha lenye jua, maana macho yake pia ni dhaifu. Asimpe adhabu ya kulima mchana wala kumnyima ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu kwa sababu ya sare. Tena awakataze wenzake kumwita zeruzeru, jina la dharau. Mtoto adharauliwaye hukimbia shule, na akikimbia shule mwisho wake ni kibarua cha juani.

Tatu, mzazi aanze kumkinga mtoto tangu akiwa mgongoni. Afunikwe kwa kanga nzito, avishwe kofia ya pama yenye ukingo mpana wa kufunika masikio na shingo, na shati la mikono mirefu. Kazi za nje zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mafuta ya kuzuia jua hupakwa kabla ya kutoka nje na kurudiwa kila saa mbili hivi. Huko Moshi, penye chuo cha mabingwa wa ngozi kilichoanza 1992 katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya namna hiyo yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta hayo ni msaada mkubwa, lakini hayashindi kofia na kivuli. Mwenye ualbino atakaye kazi ya biashara asaidiwe kupata kibanda au meza ndani ya soko, kabla hajapewa barabara.

Nne, na hili ni la watu wote, kila nyumba itazame ngozi za watu wake mara moja kwa mwezi, penye mwanga mzuri. Mke amtazame mume mgongoni, mume amtazame mke, na watoto wawatazame babu na bibi miguuni hata nyayoni. Kidonda kikionekana, iandikwe tarehe yake ukutani au katika daftari. Zikipita wiki 4 na hakijapona, kisitiwe unga wala majani wala dawa ya dukani. Kipelekwe kwa daktari.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wapo leo, katika kata za wasomaji wetu, watu wenye gamba dogo sikioni wasiolijali, na kwa wengi wao kazi ya sekunde chache yatosha kuliondoa. Tunawaomba mnaosoma maneno haya mwasomee wasiojua kusoma, barazani, shuleni na misikitini na makanisani, kisha mwatazame masikio ya jirani zenu kabla mwezi huu haujaisha.